Malalamiko Kuhusu Kompyuta Iliyofumbuliwa Macho

Mtaa wa Tsaramandroso,
Mahajanga.
Jumamosi, 9 Novemba 2013

Kwa Mheshimiwa Fundi Soulé,
Mwenye duka la kutengeneza kompyuta,
Hell-Ville, Nosy Be.

YAH: KUONDOLEWA KICHEZA VIDEO NA KURUDISHWA KICHEZA MUZIKI KATIKA CHEO CHAKE

Mheshimiwa,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na itakukuta dukani, si ufukweni ukiwasindikiza watalii. Mimi ni Mroivili Allaoui, mshona kanzu niliyestaafu, katibu wa Chama cha Wazee wa Kingazija wa mtaa huu na, kwa bahati ambayo wiki hizi siisifu sana, mjomba wako. Ujomba tuuweke kando kwanza. Leo nakuandikia kiofisi.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa makusudi. Mimi nilikipata Unguja nilipokuwa najifunza cherehani kwa ami yangu, wewe ulikipata Mombasa ulipokuwa unasomea kompyuta, na hapa mtaani kimebaki kwenye maneno machache ya msikitini, ya dukani na ya bandarini. Ningeandika Kifaransa, mwanangu Allaoui angeisoma. Ningeandika Kimalagasi, mtaa mzima ungeisoma. Kikomoro ndiyo kabisa, kwa sababu dada yangu Rabiata, ambaye ni mama yako, husoma kila karatasi anayoikuta juu ya meza, hata risiti ya kiberiti. Kiswahili anaelewa nusu, na nusu hiyo haimtoshi kufanyia fitina.

Sasa niingie kwenye shauri lenyewe. Miaka miwili iliyopita ulitupa kompyuta, ukatutilia hiyo Linux yako, ukatuambia ni mali ya watu wote, haina virusi wala bwana. Tukashukuru. Ndani yake ukatuwekea harusi ya binti yangu Hayrat, iliyofanyika kwetu Hell-Ville mwaka 1991, ambayo uliitoa kwenye kaseti ya video iliyokuwa imeanza kuota ukungu. Tangu hapo, kila Ijumaa baada ya alasiri, wazee huketi kwenye ukumbi wa chama, wakanywa kahawa, wakabofya faili ile mara mbili, na harusi ikaanza.

Na harusi ilianza kwa sauti peke yake. Hilo ndilo ninalotaka ulielewe. Palifunguka kicheza muziki, ikatokea alama kubwa ya muziki katikati ya kioo, na nyuma ya alama ile tukasikia maulidi, matari, vigelegele, sinia zikigongana. Picha hakuna. Siku ya kwanza tuliangaliana. Ndipo Khatibu Youssoufa, mwenyekiti wetu, akatafakari na kutufafanulia. Alisema harusi ile ina sehemu ya wanaume na sehemu ya wanawake, na mashine, kwa kuwa haijui ipi ni ipi, imechukua njia ya tahadhari, ikainamisha macho kote. Akasema ni jambo lililowashinda vijana wetu wengi. Tukaipenda sana kompyuta ile tangu siku hiyo.

Kisha ukaja kula Idi ya kuchinja. Ukaketi mbele ya kompyuta kwa muda wa kungojea maini yaive tu, ukacheka peke yako, ukasema eti faili za video zilikuwa zinafunguliwa na kicheza muziki kwa makosa, na wewe umeshaweka kicheza video kuwa chaguo-msingi, yaani ndicho kitakachojifungua chenyewe mtu akibofya. Ulitupa habari hiyo kana kwamba ni zawadi. Yafuatayo ndiyo malalamiko ya chama, kwa mpangilio.

1. Hukuuliza mtu. Kumbadilisha anayefungua mlango wa nyumba si jambo dogo, Mheshimiwa. Msikitini kwetu, ili kumbadilisha mwadhini mwenye kikohozi, tulikaa vikao mwezi mzima, na mwishowe tukambakiza. Kicheza muziki kilikuwa kimetumikia miaka miwili bila kosa. Najua utanikumbusha siku ya hitima ya marehemu Mzee Soilihi, ambapo kilimaliza Yasini kikaingia chenyewe kwenye muziki wa salegy wanaouchezea vijana. Hilo tulishalisamehe. Kilikuta faili inayofuata kikadhani tunaitaka, na ukarimu haujawa dhambi.

2. Ijumaa iliyofuata tulibofya kama kawaida. Kwa kuwa ilikuwa wiki ya Idi, tulikuwa tumeiunganisha kompyuta na ile televisheni kubwa. Ghafla wakatokea wanawake wa 1991, rangi zote, wamejifunga nguo zao za salouva mpya, liwa usoni, wanacheza. Wazee wote walifunika nyuso zao kwa viganja, kama inavyopasa. Naomba nikiri, kwa faida ya kumbukumbu, kwamba vidole vya baadhi ya wazee havikubana vizuri. Khatibu Youssoufa aliyekuwa amekwisha kuisifu mashine mbele za watu sasa hajui aseme nini. Alijaribu kusema kwamba huenda mashine nayo imebaleghe. Hatukuona kwamba ufafanuzi huu ulikuwa na nguvu kama ule wa kwanza.

3. Kicheza video kimemvunjia heshima Mzee Houssen. Wewe unamjua Mzee Houssen: kwa miaka yote hii ametusimulia jinsi alivyosoma maulidi ya Hayrat tangu mwanzo hadi mwisho, sauti yake ikawatoa watu machozi. Katika faili ile kulikuwa na mngurumo fulani, mzito, unaokwenda na kurudi. Sisi tuliamini ni ukungu wa kaseti, na mimi mwenyewe niliwahi kukuandikia uusafishe. Sasa tumeuona mngurumo huo. Umekaa kwenye kiti cha mstari wa mbele, kidevu juu, kinywa wazi, umevaa joho. Mzee Houssen hajaja chamani tangu siku hiyo, na amepeleka habari kwamba anaumwa goti.

4. Baada ya Mzee Houssen, zamu ikawa ya Attoumane wa Boanamary. Si siri kwamba heshima kubwa katika maandamano ya bwana harusi ni kumshikia mwavuli. Attoumane amesema siku zote kwamba aliushika yeye. Ndugu yake Ansoifa, ambaye pia ni mjumbe wetu, amesema siku zote kwamba aliushika yeye, na kwa sababu hiyo ndugu hao wamekuwa wakisalimiana kwa njia ya watoto wao. Tulipoona maandamano yanakaribia, hata waliofunika macho wakayafunua. Mwavuli umeshikwa na mtu mfupi mwenye kaptura, mgeni kabisa, na begani ana furushi la vitambaa vya kudarizi. Baadaye wanawake wa mtaa ndio waliomtambua: alikuwa mchuuzi kutoka Nosy Komba, aliyekuja kuuza vitambaa vya meza, akapewa mwavuli ashike kidogo, akaushika hadi mlangoni kwa bibi harusi. Sasa ndugu wawili wamepatana, maana wamepata wa kumchukia kwa pamoja, na wananitaka mimi kama katibu niandike Nosy Komba kudai maelezo.

5. Umetunyang'anya ukumbi. Habari kwamba harusi ina picha ilifika jikoni kwa mama yako kabla kahawa yetu haijapoa. Ijumaa ya pili, Rabiata alikuja na wanawake wa chama chao, na mikeka, na karanga, wakasema wamekuja kumtazama bibi harusi. Sheria ya chama haina kifungu cha kumzuia mama wa fundi. Tangu hapo wao wamo ndani na televisheni, sisi tuko nje kwenye benchi, upande wa dirisha lililofungwa, tunasikiliza. Yaani tumerudishiwa sauti peke yake, Mheshimiwa, lakini bila kahawa, na huku tukisikia tunavyochekwa kwa majina. Isitoshe, Rabiata ameniagiza nikuandikie uikate sehemu moja katikati, ambapo picha inatikisika juu na chini kama mpiga picha amepatwa na kwikwi. Anasema inamtia kichefuchefu. Nakufikishia agizo lake kama nilivyolipokea.

6. Nilijaribu kurekebisha mwenyewe. Nimeufungua ule ukurasa wa mipangilio ulionionyesha, nikaona kila kazi ina mwenye kazi yake: wavuti huyu, barua huyu, muziki huyu, video huyu, picha huyu. Nikasema, kumbe ni baraza la mawaziri, na mimi nataka tu waziri wa muziki ashike na wizara ya video. Lakini jina la kicheza muziki sikulikuta kwenye orodha ya video. Nikabofya faili kwa upande wa kulia wa kipanya, nikachagua kuifungua kwa programu nyingine, nikachagua ile yenye picha ya kalamu, kwa kuwa kalamu haijawahi kumwaibisha mtu. Kompyuta ikafikiri kwa muda mrefu sana. Kisha harusi yote ya Hayrat ikatoka kwa maandishi: mikasi, nyota, herufi zenye pembe, mstari juu ya mstari, bila kituo. Attoumane alipoona alisema ni hirizi, na tena ya ulimwengu mwingine. Khatibu alikataza isisomwe kwa sauti. Siku nzima, kila aliyetaka kuona harusi alipata hirizi, mpaka mama yako akaja akarudisha kicheza video kwa kubofya mara mbili tatu tu, huku anatafuna karanga. Nani amemfundisha, sijui, ila namshuku mtu mmoja wa Hell-Ville.

7. Hili la saba halimhusu mtu ninayeweza kumtaja. Liko shauri la mzee mmoja, mjane, aliyekuwa na mazoea yake na faili ile. Katikati ya harusi, baada ya matari kunyamaza na kabla ya bwana harusi kuingia, inasikika sauti ya mwanamke ikimwita mumewe kwa jina: "Mroivili, njoo ule kabla hawajamaliza nyama."

Haya. Jina limeshatoka, basi tuliache hapo lilipo.

Mke wa mjomba wako, Mariamou, unamkumbuka. Alikufa mwaka 2006, na mimi nikaihama Hell-Ville kwa sababu nyumba ilikuwa kimya mno. Sauti ina adabu moja ambayo kicheza video hakina. Sauti haisemi mtu yuko wapi. Ijumaa baada ya Ijumaa, nikiwa na kikombe mkononi, aliniita, na mimi nilimweka nilipotaka: yuko jikoni, yuko uani, yuko chumba cha pili na atatokea sasa hivi akiuliza kama nimekuwa kiziwi. Hakuna aliyejua ninachongojea. Walidhani napenda matari.

Lakini kuna jambo, nalo ndilo linaloniandikisha barua hii. Akiniita, siitiki. Nimesikiliza mara nyingi nisizoweza kuzihesabu, hakuna jibu langu. Anasubiri kidogo, kisha anacheka, kisha watu wanapita na sinia. Kwa sauti peke yake, naweza kusema jibu langu lilimezwa na kelele, na nimekuwa na kawaida ya kulitoa upya kila Ijumaa, kimyakimya, ndani ya kikombe: naja. Kwa picha sitakuwa na pa kujificha. Nitajiona nimempa mgongo mke wangu, nimekaa na Attoumane nabishana juu ya mwavuli. Basi Ijumaa ile ya wiki ya Idi nilitoka ukumbini kabla ya sehemu ile, na tangu hapo, ikikaribia, huondoka benchini hata kama ni sauti tu, kwa kuchelea dirisha lisije likafunguliwa. Nimekosa Ijumaa zangu nne, Soulé. Naomba kicheza muziki kwa sababu hiyo, na zile sababu sita nilizotangulia kuzieleza ni za kweli pia.

Kwa kuzingatia yote hayo, chama kinapendekeza yafuatayo. Kwanza, faili ile irudi mikononi mwa kicheza muziki, iwe ndicho chaguo-msingi daima, na orodha ya mipangilio ifungwe kwa neno la siri ambalo mama yako hatalijua. Pili, kwa kuwa umesema hiyo Linux ni ya watu wote na kila mtu ana haki ya kuitengeneza, uwaandikie wenzako duniani kote kwamba kicheza video, kabla ya kuonyesha sura ya mtu yeyote, kiulize kama wenye umri wamekubali. Tayari mna tabia ya kuuliza mtu kama ana uhakika anapofuta faili. Basi muulize na anapofumbua macho, na jibu la ndiyo litolewe na wazee watatu, mmoja wao akiwa hakusinzia. Tatu, kama wataalamu watakataa, basi televisheni zote za mtaa huu zifunikwe kwa vitambaa vya meza. Mchuuzi wa Nosy Komba anadaiwa maelezo, na anaweza kuanza kwa kutuletea vitambaa.

Nakuomba ulishughulikie hili kwa uzito wake, kabla ya Ijumaa ijayo ikiwezekana, maana benchi lile ni gumu na msumari wake mmoja umenijua.

Nisalimie mkeo Hasnati, na watoto, na mama mkwe wako, na jirani aliyetuazima viti 1991 kama yuko hai, na kama hayuko, nisalimie viti. Khatibu anakusalimu. Attoumane na Ansoifa wanakusalimu kwa pamoja. Mzee Houssen anakusalimu kutoka kitandani, na goti lake pia.

Ni mimi, katika utumishi wa chama na wa macho yaliyoinama,

Mroivili Allaoui,
Katibu.

Tanbihi. Jumapili asubuhi.

Barua hii ilikuwa imekwisha. Niliiacha mezani nikaenda kutafuta bahasha, Rabiata akaikuta. Nilikwambia kwamba Kiswahili anaelewa nusu. Nusu hiyo ilimtosha. Akanishika mkono wa kanzu, akanipeleka ukumbini hali hapana mtu, akanikalisha mbele ya kompyuta, akaisogeza harusi hadi pale panapotikisika, kisha akasema anakwenda kuosha vikombe. Mama yako hajawahi kuosha kikombe katika chama kile tangu kiundwe.

Nimeona. Ni ule ukumbi mdogo wa nyumba yetu, wenye kabati la kioo. Mariamou anatoka jikoni amevaa salouva ya njano, liwa usoni imeanza kukatika kwa jasho, sinia mkononi. Anasimama. Haangalii jikoni wala uani. Ananitazama mimi, hapa nilipokaa, moja kwa moja, na ananiita. Na nyuma yake, ndani ya kioo cha kabati, amesimama mtu mwenye kamera kubwa begani, kofia imekaa upande. Kofia ile niliishona mwenyewe.

Mpiga picha alikuwa amekwenda kula. Alinibebesha lile dude lake na kunikataza kabisa nisifungue mdomo, eti sauti yangu ingezifunika sauti za harusi. Nilikuwa nimelisahau jambo hilo lote. Mariamou akaniita, na mimi, kwa kuwa nimekatazwa kusema, nikaitika kwa kichwa, kamera ikiwa imenibana jichoni. Picha ikashuka, ikapanda, ikashuka, ikapanda. Akaiona, akacheka, akarudi ndani na sinia lake.

Kwa hiyo, Soulé, usiguse chochote. Kicheza video kibaki hapohapo kilipo, wazee watatu wasiulizwe kitu, na ile sehemu inayotikisika, ukiikata, usinijue tena. Rabiata mwenyewe ameifuta amri yake. Niandikie tu namna ya kuifanya irudie pale pale bila kuanza upya, kwa maneno ambayo mshona kanzu ataelewa.

Na nyama, sasa nakumbuka, niliikuta.